Mapango ya Shimoni: Ziara Inayostahili Siku Nzima

Kwa sisi wakazi wa Nairobi tunaoteremka Diani kupumzika, safari ya Shimoni huuzwa karibu kila mara kama safari ya pomboo: mashua asubuhi, kuogelea katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, chakula cha mchana kisiwani Wasini, kisha, muda ukiruhusu, dakika chache za kuchungulia mapango ya watumwa. Kampuni iliyotuchukua ilifuata ratiba hiyo hiyo, na kwa maoni yangu inalidhulumu eneo lenye uzito kuliko vyote tulivyoonyeshwa siku hiyo.

Shimoni iko kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, ukishaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga inayoelekea mpaka wa Tanzania. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886; kabla ya hapo pwani hii, pamoja na Unguja na Pemba, ilikuwa chini ya sultani mmoja, na mashamba ya karafuu ya visiwa hivyo ndiyo yaliyokuwa yakidai watu wa kuyalima. Hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja, magendo hayakukoma mara moja. Simulizi za wenyeji husema kwamba mateka walifungiwa humu wakisubiri majahazi.

Mapango ni ya mwamba wa matumbawe. Unashuka ngazi, joto la nje linakuacha, na macho yanachukua muda kuzoea giza; mizizi ya miti imepenya darini, popo wananing'inia katika sehemu za ndani, na sakafu ina unyevu unaoteleza. Mwongozaji wetu, mzaliwa wa hapo hapo, alieleza kwa utulivu na bila kutia chumvi, akitenganisha yale aliyorithi kwa wazee na yale yaliyoandikwa, akatukumbusha pia kwamba kwa baadhi ya wenyeji mahali hapa ni pa matambiko. Huduma yake ndiyo bora kuliko zote nilizopata siku hiyo, nami ninasikitika kwamba dereva alianza kutuita ilhali maswali yetu yalikuwa bado hayajaisha.

Wasini nayo ni nzuri, sikatai. Kaa na wali wa nazi vilipikwa vizuri, na njia ya mbao iliyojengwa na kikundi cha akina mama juu ya bustani ya matumbawe inafaa kutembelewa, hasa kwa kuwa kiingilio chake kinabaki kijijini.

Ninapendekeza, basi, mgeni afike Shimoni kwa usafiri wake mwenyewe na kuingia mapangoni asubuhi kabla ya makundi ya mashua kurejea, akalipie mwongozaji wa kijijini pale pale mlangoni. Avae viatu visivyoteleza na achukue tochi, kwa maana mwanga wa simu hautoshi. Wazee wenye shida ya magoti wataona ngazi kuwa ngumu. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma historia ya biashara ya utumwa waletwe bila kusita, lakini wapewe saa mbili au zaidi, na pomboo wasubiri alasiri.