Clive James na A. A. Gill: kalamu mbili mbele ya runinga

Wote wawili walilipwa kukaa kitini, kutazama runinga, kisha kuisema gazetini. Clive James, Mwaustralia aliyehamia Uingereza, alikuwa na safu Observer kuanzia 1972 hadi 1982. A. A. Gill, mzaliwa wa Edinburgh, aliandikia Sunday Times tangu miaka ya 1990 hadi alipofariki 2016. Gill alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, hivyo makala zake alizitamka kwa simu na mwingine akaziandika. Labda ndiyo maana zina mdundo wa mtu anayeongea barazani.

James alichekesha bila kudharau watazamaji, na michezo au tamthilia nyepesi aliipa uzito uleule wa vipindi vya wasomi. Baadaye akaruka uzio, akawa mtangazaji mwenyewe.

Kwa kuzua ugomvi, Gill hana mpinzani. Aliwatukana Wawelisi, watu wa Wales, hadi akaripotiwa kwenye Tume ya Usawa wa Rangi. Mwaka 2009 alisimulia alivyompiga risasi nyani Tanzania, eti aonje kuua mtu kukoje. (Nyani wetu alimkosea nini?) Mwaka 2010 Tume ya Malalamiko ya Magazeti ilikubali lalamiko la mtangazaji Clare Balding, aliyekejeliwa na Gill kwa kuwa msagaji. Miaka miwili baadaye alibeza sura ya Mary Beard, profesa wa Cambridge. Mama huyo akamjibu hadharani, na wengi wakasimama naye.

Kwa sentensi moja moja, Gill anang'aa zaidi. Ila safu nzima? Nipe James.