Protein Data Bank: Tathmini kwa Anayefuatilia Mwendo wa Vimeng'enya

Hazina ya miundo ya protini iitwayo Protein Data Bank ilianzishwa mwaka 1971 katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ikiwa na miundo 7 tu. Leo miundo yake imepita 200,000, na yote hupakuliwa bure. Naipima hapa kwa swali moja: inamfaa vipi mtu anayetaka kuelewa namna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, kinavyojongea kikiwa kazini?

Pa kuanzia ni adenileti kainesi ya bakteria E. coli, kimeng'enya kinachohamisha fosfeti kutoka ATP (molekuli ya nishati ya seli, yenye fosfeti tatu) kwenda AMP (yenye moja) na kutoa ADP mbili (zenye mbili kila moja). Katika faili 4AKE utakikuta kitupu, kimeachama. Katika 1AKE, ambamo kimeshika kizuizi kinachofanana na ATP na AMP zilizounganishwa, mfuniko wake, yaani sehemu inayofunika mahali pa mmenyuko, umeshuka na kuyafungia maji nje, yasije yakainyakua fosfeti njiani. Inapendeza mno kuipandanisha miundo hiyo miwili kwenye kioo cha kompyuta, mradi ulinganishe kwanza kiini kisichobadilika sana, kwani ukiilazimisha yote ilingane kwa mkupuo, tofauti husambaa kila mahali na mfuniko hauonekani ulikotoka.

Hata hivyo, unachopewa ni mwanzo na mwisho wa safari. Njia na muda havimo. Na mabishano yenyewe, kama mwendo huo ndio unaoharakisha mmenyuko, yako kwenye muda: mfuniko hujongea kwa maikrosekunde hadi milisekunde, ilhali atomu huvuka kilele cha nishati cha mmenyuko kwa femtosekunde, muda mfupi kuliko huo kwa mabilioni ya mara. Arieh Warshel, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2013, ameshikilia kwamba kinachoharakisha mmenyuko ni mpangilio wa chaji ndani ya kimeng'enya, si mwendo. Naona hoja yake ina uzito mkubwa, ingawa kwa adenileti kainesi kufunguka kwa mfuniko ndiko kunakoweka kikomo cha kasi ya mzunguko mzima. Miundo miwili iliyotulia, hata iwe safi namna gani, haiwezi kukata shauri hilo.

Tahadhari moja kwa wanafunzi: faili za NMR (njia ya kuchunguza protini kwa sumaku na mawimbi ya redio), zenye nakala kadhaa za protini ileile, zisichukuliwe kuwa filamu ya mwendo, kwa sababu mara nyingi nakala hizo hutofautiana pale vipimo vilipokuwa vichache. Anayetaka vipimo vya mtikisiko wenyewe aende BMRB, hazina mshirika ya data za NMR, ambayo nayo ni ya bure.