GPS inakatika kwenye kempa: ununue nini kwanza na nini uachane nacho

Wakuu, kiangazi kikikaribia watu wanaanza kupanga safari za Ruaha, Katavi, Serengeti, wengine wanavuka mpaka wanaenda mpaka Turkana, na swali linakuja lilelile: nina HiAce nimeigeuza kempa (gari la kulala safarini), au Land Cruiser ina hema juu, GPS inakatika njiani, ninunue kifaa gani cha GPS cha Garmin? Mimi nasema usianze na Garmin. Kinachopokea setalaiti ni antena, na antena shida yake ni moja tu, inataka kuona mbingu. Ukinunua skrini kubwa ya inchi 10 halafu antena yake imefukiwa chini ya bati, umenunua picha kubwa ya tatizo lilelile. Kwa hiyo hapa napanga vitu kwa jinsi vinavyolipa pesa yako, ila kwanza lazima tukubaliane tatizo ni lipi, manake nusu ya watu wanaolalamika, GPS yao wala haina shida.

Kuna mambo matatu yanayochanganywa sana. La kwanza ni bando. Ramani ikiganda inaonyesha kijivu, kile kidoti cha bluu kikawa bado kinatembea, hapo GPS ni nzima, kilichokosekana ni mtandao, na dawa yake ni ya bure, shusha ramani kabla hujaondoka, Organic Maps au OsmAnd zote zinafanya kazi bila intaneti. La pili ni mshale kuzunguka zunguka ukiwa umesimama. Simu nyingi za bei ya chini hazina dira ndani, kwa hiyo gari likisimama simu haijui umeelekea wapi mpaka uanze kutembea, na hata yenye dira ukiiweka kwenye holda ya sumaku inachanganyikiwa. La tatu ni betri seva, Android nyingi zinaifungia app location skrini ikizima, unakuta njia uliyorekodi ina mapengo ya kilomita kadhaa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu hiyo app ifanye kazi bila kizuizi, imeisha.

Kama siyo hayo, weka GPSTest, ni app ya bure ya Android, inaorodhesha setalaiti moja moja na namba ya nguvu yake. Toka nje ya gari, kaa pa wazi dakika chache, angalia zile namba, 35 kupanda ni nzuri, 40 na kitu ni safi kabisa, chini ya 25 hapo unabahatisha. Sasa ingia ndani, weka simu pale pale inapokaa ukiendesha, kila kitu kimezimwa. Zikianguka sana hapo, tatizo ni bati au kioo. Zisipoanguka, anza kuwasha kimoja kimoja, chaja, dashcam (kamera ya kurekodi barabara), inverter, taa za LED za kule nyuma, friji, kontrola ya sola, huku jicho liko kwenye namba. Kitu kikiwashwa namba zote zikashuka kwa pamoja, umemkamata mwizi. Setalaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200 na mawimbi yake yakifika chini ni dhaifu kuliko hata kelele ya kawaida ya redio, kwa hiyo kifaa chochote cha umeme kilichotengenezwa hovyo kikikaa karibu kinaweza kuyafunika, na kempa kusema ukweli imejaa vifaa vya namna hiyo kuliko gari lolote la kawaida.

Haya, sasa tununue.

Namba moja, chaja nzuri na holda ya kuhamisha simu. Najua haivutii, lakini hapa ndipo wengi wanapopona. Zile chaja za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zinazouzwa barabarani zinashusha volti 12 kuwa 5 kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, na bila kichujio cha maana ndani zinamwaga kelele kwenye waya wa simu, na waya wenyewe unageuka antena ya kurusha hiyo kelele. Nunua ya kampuni inayojulikana, nzito kidogo mkononi, waya mfupi, na dashcam iwe mbali na simu walau mkono mzima. Holda iweke simu chini kwenye ukingo wa kioo cha mbele, siyo katikati ya dashibodi chini ya paa. Na hapa angalia tinti. Tinti zetu nyingi za bei rahisi zina chembechembe za metali na ukanda wa juu wa kioo cha mbele ndio unaowekwa tinti nzito, halafu simu inaning'inizwa palepale kwenye kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, yani umeifungia kwenye kopo. Tinti ya seramiki haina shida hiyo, ni ghali zaidi ila kama ulikuwa unabadilisha, badilisha kwa hiyo. Vioo vingine vya kiwandani vya kukata joto navyo vina utando wa metali, ila kawaida wameacha kijidirisha karibu na kioo cha ndani bila utando, utaona rangi tofauti kidogo ukichungulia kwa pembeni, simu au antena ikae hapo.

Namba mbili, antena ya nje kwa wenye redio ya Android. Hii kwangu ndiyo bora kuliko zote kwa kempa, imekaa ya pili kwa sababu tu siyo kila mtu ana hiyo redio. Magari yetu mengi yanatoka Japani na navi ya Kijapani ambayo ramani yake ni ya Japani tu, kwa hiyo mtu anaing'oa anaweka redio ya Android, Kariakoo au Luthuli Nairobi, na ndani ya boksi kuna kijiantena cheusi cha mraba kama kipande cha sabuni, waya mita tatu hivi. Fundi ana haraka, anakiviringisha na waya wake anakisukumiza nyuma ya redio katikati ya vyuma, anafunga, anakukabidhi gari. Hapo ndipo shida ya watu wengi ilipo. Kabla hujanunua chochote fungua redio utafute hicho kidude, kitoe ukiweke juu ya dashibodi karibu na kioo, upande wenye sumaku uangalie chini na ule mwingine uangalie juu, manake ndani yake kuna kigae cha seramiki kinachosikiliza kuelekea juu, ukikigeuza kinasikiliza injini.

Isipotosha, nunua antena nyingine uipeleke juu ya paa kabisa. Cha kuangalia ni vitu vinne: iwe ya kutumia umeme wa volti 3 hadi 5 kutoka kwenye redio, kichwa cha waya kifanane na redio yako (nyingi za Android ni SMA ya kukaza kwa nati, magari ya Ulaya yanatumia Fakra, ya GPS ni ile ya bluu), waya mita 5 kama gari ni refu, na iwe haipitishi maji. Kama specs zinasema inapokea na GLONASS, Galileo na BeiDou (mifumo ya setalaiti ya Urusi, Ulaya na China) ni bora zaidi, mradi na redio inazisoma. Bei siyo ya kutisha, ni kitu cha bei ya chaja nzuri. HiAce ya paa la bati ni rahisi, sumaku inashika na lile bati lenyewe linaisaidia antena. Paa la faiba, kama zile zilizoinuliwa juu watu wasimame ndani, sumaku haishiki, hapo tafuta kipande cha bati kama sentimita 10 kwa 10 uweke chini ya antena, na kwa faiba unaweza hata kuibandika kwa ndani juu kwenye dari, mawimbi yanapita. Kwa paa la bati au alumini kwa ndani usijaribu. Usiiweke chini ya paneli ya sola wala chini ya hema la juu likiwa limefungwa, na waya usipite sambamba na waya za sola au inverter.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui, ukichomeka simu kwenye redio kwa CarPlay au Android Auto, simu inaweza kuacha GPS yake ikatumia ya gari. Kwa hiyo simu yako nzuri kabisa inaanza kukupeleka porini ukishaichomeka tu, kumbe inasikiliza ile antena iliyofukiwa. Chomoa waya uone. Ikipona, usinunue simu, rekebisha antena.

Namba tatu, risiva ya Bluetooth. Hii ni kwa mwenye tableti au iPad, hasa iPad za Wi-Fi tupu, zile hazina GPS kabisa ndani hata uzipandishe Mlima Kilimanjaro. Garmin GLO 2 ndiyo inayojulikana, inapokea GPS na GLONASS, inatoa location mara 10 kwa sekunde, betri inafika kama saa 13, na kuna za kampuni za Dual na Bad Elf. Uzuri wake unaitenga na simu, risiva inakaa kwenye kona ya dashibodi inayoona mbingu na tableti inakaa unapotaka wewe. Ubaya, bei ni kama dola 100 na zaidi kabla ya usafiri na ushuru, kuipata madukani kwetu ni shida, na kwa Android kuna kazi ya ziada, unawasha ile sehemu ya wasanidi programu kwenye simu halafu unachagua app itakayolisha location. Siyo ngumu ila usingoje kuifanya usiku wa kuamkia safari. Kwa iPhone na iPad hakikisha imeandikwa inakubali Apple, za bei chee nyingi hazikubali.

Namba nne, simu ya masafa mawili. Simu za zamani zinasikiliza masafa ya L1 peke yake, 1575.42 MHz. Tangu Xiaomi Mi 8 ya 2018 zimekuja zinazosikiliza na L5 ya 1176.45 MHz, iPhone zilianza na 14 Pro. Kwenye specs tafuta L1+L5. Inasaidia sana pale mawimbi yanapogonga ukuta yakarudi, Kitonga kwa mfano unapanda huku mlima umekula upande mzima wa mbingu, au ile barabara ya Soni kwenda Lushoto, au katikati ya maghorofa ya Posta. Lakini bado simu iko ndani ya bati, ndiyo maana nimeishusha. Kama ulikuwa unabadilisha simu mwaka huu hata hivyo, ipandishe iwe ya pili.

Hapo hapo niseme kuhusu jioni. Huku karibu na ikweta, baada ya jua kuzama mpaka kama usiku wa manane, tabaka la juu la anga linachafuka na mawimbi ya GPS yanayumba, zaidi miezi ya Machi na Septemba na miaka ambayo jua limechachamaa kama ilivyokuwa 2024. Ukiona GPS iko safi mchana kutwa na inaruka ruka saa mbili usiku, usiende kulipa fundi. Simu ya L1+L5 inayosoma mifumo mingi inavumilia zaidi, ila hakuna ya kununua itakayoimaliza kabisa.

Namba tano ndiyo hiyo Garmin sasa. Siichukii. Ile ya kushika mkononi yenye vitufe, aina ya GPSMAP yenye antena iliyochomoza juu, inapokea vizuri kuliko simu nyingi na inatumika hata ukishuka kutembea kwa miguu. Ukiiwekea ramani za Tracks4Africa unapata njia za hifadhini na kambi ambazo ramani za kawaida hazina. Kwa anayekwenda Katavi au kaskazini mwa Kenya peke yake, ningemwambia awe nayo kama akiba. Ila zile za skrini kubwa za kempa wanazouza Ulaya, ambazo unaingiza urefu na uzito wa gari zikukwepeshe madaraja mafupi, faida yake inategemea ramani iliyojaa taarifa hizo, na kwetu hazijajaa. Za mtumba ziangalie zaidi, kuna za zamani ambazo tarehe yake ilirudi nyuma baada ya Aprili 6, 2019 pale hesabu ya wiki za GPS ilipoanza upya, na nyingine hazipati apdeti tena.

Visivyofaa kununua: stika za dhahabu za kuongeza mtandao, hazifanyi chochote. Na vile vifaa vya kudaka mawimbi juu ya paa na kuyarusha tena ndani ya gari, vinaweza kuwavuruga na magari ya jirani, kwa mfano Uingereza kuvitumia kunataka leseni ya Ofcom, mamlaka yao ya mawasiliano.

Ukishanunua, mara ya kwanza kukiwasha kifaa kiweke pa wazi, gari limesimama, dakika 15. Kila setalaiti inatuma taarifa za njia yake polepole sana, duru moja ni sekunde 30, na orodha nzima ya setalaiti zote ni dakika 12 na nusu. Mjini simu inazivuta kwa intaneti hivyo huoni tofauti, ila geti la Katavi asubuhi bila mtandao, ukiondoka tu na kuingia chini ya miti, duru inakatika inaanza upya, na unaweza kwenda nusu saa bila location ukidhani umeuziwa kimeo. Dukani nako usilipie antena ya redio kabla ya fundi kulitoa gari nje ya karakana ukaijaribu, karakana yenyewe ina paa la bati.