Websaiti mpya ya chama chetu imependeza, ila majina ya wazee yako wapi? (uzoefu wangu)

Kampuni siitaji kwa jina kwa sababu mambo bado yako mezani kwa mwenyekiti, ila ni ofisi ya ubunifu iko Dar, wanatengeneza nembo na websaiti za taasisi, na kama na nyie chama chenu kinafikiria kufanya hilo zoezi basi someni hapa kabla hamjasaini chochote. Mimi ni katibu wa chama cha wasanii wa huku kusini, Mtwara na Lindi, wachongaji ndo wengi, halafu wachoraji, wafinyanzi, na akina mama wa ukili. Nyota mbili. Nilitaka kutoa moja, nikakumbuka kitu nitakachokisema huko mbele.

Tatizo langu ni majina. Websaiti yetu ya zamani ilikuwa mbaya kwa macho, sikatai, ilitengenezwa zamani na mtu aliyejitolea, maandishi yanatembea juu, picha zinazunguka, ukiifungua kwenye simu ndogo inagoma. Lakini kila kazi iliyokuwemo ilikuwa na mwenyewe. Chini ya picha unakuta jina la mchongaji, kijiji, mti uliotumika, mwaka. Yale majina hayakushuka kutoka mbinguni jamani. Tuliyakusanya kwa daftari na bodaboda, Newala, Nanyamba, Mtama, mpaka vijiji vya kule karibu na mto Ruvuma, unakaa na mzee barazani unamuuliza hii uliichonga lini, yeye hakutajii mwaka, anakwambia ilikuwa kipindi cha Azimio, basi unaandika 1967, mwingine anasema ni ile operesheni ya kutuhamishia vijijini, mwingine vita vya Amin, unauliza mwanzo wa vita au mwisho, anafikiri, anamwita mke wake wanabishana, ndo mnapata 1979. Na wengine walivuka mto kutoka Msumbiji wakati kule wanapigania uhuru, hao ukiwauliza kijiji wanakutajia viwili, alikozaliwa na alikofikia, na vyote tuliviandika.

Sasa fungua websaiti mpya. Picha kubwa, nzuri, imejaa skrini nzima, mng'ao wa mpingo unauona mpaka alama za msasa. Chini yake imeandikwa "Sanaa ya Kimakonde". Basi. Nenda picha ya pili, "Sanaa ya Kimakonde". Ya tatu, hivyo hivyo. Kuna ukurasa unaitwa "Wasanii Wetu", nikasema labda huku, nikafungua, nikakuta picha za mikono. Mikono inashika tezo, mikono inashika patasi, mkono unapuliza vumbi la mbao, hakuna uso hata mmoja na hakuna jina hata moja. Wasanii wetu ni mikono!

Sikujua haya siku ya uzinduzi maana siku ile wote tulikuwa tunashangilia tu, kulikuwa na mfadhili anataka ripoti ifungwe, na projekta inaonyesha ukurasa wa mbele peke yake. Nimejua baadaye, kabla kidogo ya msimu wa korosho, aliponipigia mjukuu wa mzee mmoja wa Kitangari. Yule mzee ameshatangulia mbele za haki. Alichonga ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana kutoka gogo moja, chini kabisa kuna bibi kizee ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, iko mdomoni na amebeba ukoo mzima juu ya kichwa chake, ukigeuza unaona mtoto ananyonya upande wa pili, na gogo ni moja, hajaunganisha popote. Huyu mjukuu anasoma Dodoma, alikuwa na linki ya ukurasa wa babu yake na alikuwa anaionyesha kwa wenzake, huyu ndo babu yangu. Siku hiyo kaifungua mbele ya watu ikaja "ukurasa haupatikani". Akatafuta jina la babu Google, zamani lilikuwa linatoka la kwanza, halipo. Akaniuliza, "Shangazi, mmemtoa babu kwenye chama?"

Hebu mnijibu nyie, ningemwambia nini huyu mtoto?

Nikapiga simu ofisini kwao. Dada wa mapokezi sina neno naye, alikuwa mpole, akaniunganisha na bosi mwenyewe. Nikamweleza taratibu kabisa, nikamwambia kijana wangu, majina yamepotea, naomba mrudishe. Akasema hayajapotea, wameyaondoa kwa makusudi, maana muundo wa kisasa unataka usafi na maandishi mengi yanachafua skrini. Nikasema ni mstari mmoja tu chini ya picha. Akasema mteja wa nje ananunua hisia, hanunui majina. Nikamwambia baba, sisi hatuuzi hisia, tunauza kazi za watu, na watu wana majina. Hapo ndo akanipa hili jibu, na naliandika kama alivyolitoa: "Mama, kwani nyie mlitaka websaiti au daftari la kijiji?"

Nilikata simu. Nilikata kwa sababu ningesema maneno ambayo katibu wa chama hasemi.

Jamani, hata msibani mtu akichangia elfu mbili jina lake linaandikwa kwenye daftari na linasomwa mbele za watu, itakuwa mtu aliyekaa na gogo la mpingo miezi! Na mpingo si mti wa mchezo, ni mzito mpaka ukiutia majini unazama, tezo inakula kidogo kidogo, ukikosea hakuna kurudi nyuma. Halafu aje mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi aseme jina lake linachafua skrini.

Na hili si jambo dogo kwa historia yetu sisi. Tangu enzi za mkoloni kazi za huku zilikuwa zinapelekwa Dar zinauzwa madukani kwa jina la kabila tu, aliyechonga hajulikani. Wachache tunaowajua leo tunawajua kwa sababu kuna mtu alijali kuandika. Samaki Likankoa, mchongaji, tunamtaja kwenye mtindo wa shetani, ule wa kuchonga mizimu, kwa sababu jina lake lilishikwa. George Lilanga, mtu wa kusini huku huku, aliingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii Dar, kama mlinzi, na mpaka anafariki 2005 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani, na zote zina jina lake. Edward Saidi Tingatinga naye wa kusini, Tunduru, alichora kwa rangi za baiskeli kwenye vibao vya hadibodi, kafariki 1972 baada ya miaka michache tu ya kuchora, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Jina lake aliliandika mwenyewe pale pale kwenye kibao. Sasa sisi tuna wazee mamia ambao hawakuandika jina chini ya sanamu kwa sababu kipindi kile hawakuzoea, websaiti ndo ilikuwa mahali pao pekee pa kuandikwa, tumelipia hela tukafutiwa.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake, sio hisani ya dizaina. Sisi chama ndo tunawapeleka wanachama COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wakajisajili, tunawafundisha dai jina lako, halafu ukurasa wetu wenyewe hauwataji. Nilisikia aibu ambayo hata sijui niiweke wapi.

Kilichoniuma zaidi ni namna ilivyofanyika, maana hata ukitaka kuyarudisha kazi ipo. Picha zetu za zamani kila faili lilikuwa limepewa jina la msanii, kijiji na mwaka. Walipozipunguza uzito zikapewa namba mpya, tarakimu tupu, kwa hiyo picha unayo lakini hujui ya nani. Kurasa za zamani hawakuzielekeza kwenye mpya, kitu ambacho mtoto wa dada yangu anayesomea kompyuta kaniambia ni kazi ya kawaida kabisa ukihamisha websaiti, unaweka maelekezo kwamba anayekuja kwa anwani ile apelekwe huku. Wao wakaacha zife tu. Kuna watafiti na watu wa makumbusho huko nje walikuwa wameweka linki zetu kwenye kurasa zao, zote zinaishia ukutani. Barua pepe nazo zilikatika kwa muda walipohamisha domeini, yaani anwani ya websaiti, kwa sababu hawakunakili zile rekodi zinazoelekeza barua ziende wapi, oda ngapi zilipotea Mungu ndo anajua. Na domeini yenyewe tumekuja kugundua wameisajili upya kwa jina la ofisi yao! Domeini ya chama, ina .or.tz mwishoni, mwenyewe ni ofisi ya watu binafsi Dar. Hilo tumelipigania mpaka limerudi, na nawaambia nyie wenye vyama, domeini isajiliwe kwa jina la chama na paswedi akae nayo katibu na mwekahazina, bekapu ya websaiti ya zamani mchukue wenyewe kwenye flashi kabla hawajagusa kitu, na mkataba uandike kwamba picha zirudi na majina yake.

Kidogo tumeokoa kupitia ile Internet Archive, kuna mashine yao inahifadhi kurasa za zamani, ukiweka anwani inakuonyesha ilivyokuwa. Nilimkuta mzee wa Kitangari mle, jina, kijiji, mpingo, 1974. Nililia kwa kweli. Lakini si kurasa zote zimo, nyingine imeshika maandishi bila picha.

Sasa nije kwenye ile nyota ya pili.

Nembo. Rasimu ya kwanza waliyotuletea ilikuwa Mmasai ameshika mkuki, nyuma jua jekundu na mti. Nawaheshimu sana ndugu zetu Wamasai lakini sisi ni watu wa kusini, wazee waliangalia ile karatasi wakaangaliana, mwenyekiti akauliza tu huyu katokea wapi. Kumbe hiyo ilichorwa na bosi. Baada ya pale wakamtuma binti mmoja dizaina wao, akapanda basi mpaka Mtwara, akaja akakaa na wachongaji chini ya mwembe, anauliza, anashika vifaa, anakula nasi. Siku moja wanapasua gogo akaomba lile pande asilitupe mtu. Akaliweka juani akalipiga picha. Ule weusi wa kiini na ile njano iliyofifia ya nje karibu na gome, ndo rangi mbili za chama chetu sasa hivi. Ukiona bango letu kwenye maonyesho utaona ni mpingo uliokatwa leo. Na nembo yenyewe ni lipiko, ule uso wa kinyago unaovaliwa kwenye ngoma, umeangalia pembeni, una chale za usoni zimechorwa kwa mistari michache tu, na wazee ndo walichagua wenyewe ni uso gani unafaa kuonekana hadharani na upi haufai, binti akakubali bila kubishana. Mzee mmoja mgumu sana kusifia alilishika lile karatasi akasema huyu mtoto ameona. Hiyo ni sifa kubwa huku kwetu.

Na websaiti inafunguka haraka, lazima niseme. Nimeijaribu Newala kwenye simu ya bei rahisi na mtandao wa kuokoteza, imefunguka. Bando haili. Ingawa ile fonti waliyochagua haijui Kiswahili, neno ung'arishaji limetoka na kisanduku katikati, na wameambiwa, na bado kipo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia ya kuwapa tatu, maana nikiifikiria ile nembo moyo unalainika. Halafu nikafungua tena "Wasanii Wetu", nikaona mikono, nikarudi mbili.

Kabla sijatuma haya maandishi binti kanipigia. Kaacha kazi pale, kasema sababu ni zake. Anazo kwenye laptopu yake picha zetu za mwanzo kabla hazijabadilishwa namba, alizinakili siku aliyokuja Mtwara kwa sababu alipenda majina. Ameanza kunitumia moja moja usiku, jina, kijiji, mti, mwaka, hataki hela. Mtoto wa dada yangu anazipandisha na kuelekeza anwani za zamani kwenye mpya. Zote mbili zile nyota ni za huyu binti basi, ofisi ihesabu sijaipa kitu.

Awamu ya mwisho ya malipo hatujatoa. Mwenyekiti kasema haitoki mpaka kila picha iwe na jina chini yake, na yule mjukuu aliyeko Dodoma ndo atakayeambiwa ajaribu linki yake kwanza. Nimeliandika kwenye muhtasari wa kikao na limesainiwa.