TAHADHARI: Kapasita za nyuzi 85 zinavishwa ngozi ya 105

Mafundi wenzangu, kama wiki hizi umenunua kapasita (vile vikopo vya kutunza umeme kwenye bodi) za kuhimili nyuzi joto 105 kwa bei ya kuvutia pale Kariakoo, au umeziona kwenye status ukaletewa na bodaboda, usizichomelee kwanza. Toa moja sadaka. Chukua wembe uchane ngozi yake, ile plastiki ya nje yenye maandishi, taratibu kutoka juu kwenda chini. Mimi nilichana baada ya kazi kuharibika: ndani ya ngozi ya kahawia iliyoandikwa 105 nikakuta nyingine nyeusi, imekunjamana kidogo, imeandikwa 85. Volti zilezile, mikrofaradi (kipimo cha ujazo wake) zilezile. Kilichochakachuliwa ni kiwango cha joto inachohimili tu, maana wanajua multimita, kipimo chetu cha umeme, haiwezi kukuonyesha hicho.

Kazi yenyewe ilikuwa inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri, ya volti 24 ya dada mmoja mwenye duka la dawa Mbagala. Anaitegemea kwa friji yake ya insulini umeme ukikatika. Iko juu ya kabati, kichwani kwake ni bati tupu, dari hakuna. Mchana wa jua kali nilibandika waya wa kupimia joto wa multimita ubavuni mwa kapasita, ikasoma 75. Ndiyo maana nilisisitiza za 105. Muuzaji alikuwa na za 85 kwa 1,500 na za 105 kwa 2,500. Nikabeba za 105 thelathini, mikrofaradi 2,200 volti 35, nne za kazi ile na nyingine za akiba.

Wiki ya kumi nikapigiwa simu asubuhi. "Fundi, kile kidude chako kinanuka samaki." Nikajua. Kufungua, tatu zimevimba vichwa na ya nne imesukuma mpira wa chini, maji yake yametambaa kwenye bodi hadi yamekula njia mbili za shaba.

Kwa vijana wanaoanza kazi hii: ile 105 sio mapambo. Kapasita ikiandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, maana yake mtengenezaji anakuhakikishia saa hizo ikifanya kazi kwenye joto hilo. Kwa makadirio tunayotumia wote, kila nyuzi 10 unazoshuka, umri unaongezeka mara mbili. Kwenye nyuzi 75 za yule dada, ya 105 halisi ingetakiwa kwenda kama saa 16,000, karibu miaka miwili ikiwa kazini usiku na mchana. Ya 85 yenye saa 2,000 hizo hizo inakwenda 4,000, miezi mitano na nusu. Hizi zangu hazikufika hata hapo, kwa hiyo na hizo saa 2,000 sizisadiki. Kuna na joto la ndani la kapasita yenyewe, mkondo unapopanda na kushuka ndani yake, ambalo kipimo cha ubavuni hakilioni lote. Siku hizi kwa inveta natafuta za saa 5,000 kwenda juu hata kama mteja ananuna.

Yule dada nilimweleza mambo haya nikiwa na aibu. Akanionyesha boksi la insulini, limeandikwa nyuzi 2 hadi 8. "Kwangu ikizidi hapo naitupa. Nyinyi mnauziana tu?" Sikuwa na jibu. Inveta nilimtengenezea upya kwa gharama yangu.

Jina la muuzaji siliweki hapa. Nilirudi kwake na ngozi zote mbili kwenye bahasha. Kwanza akaniambia "mkuu, mzigo umetoka China hivyohivyo", halafu akasema nimezibadilisha mwenyewe. Risiti ya mashine hakunipa siku ile, alinipa kikaratasi cha mkono chenye "kapasita pcs 30" basi, na ujinga huo ni wangu. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia huku Bara, lakini nenda na kikaratasi kama changu uone utaanzia wapi. Daini risiti, na mwambieni aandike nyuzi ngapi.

Sasa kuna mchezo wake wa pili, na huu unawapata hata waliosoma. Ukimuuliza joto la aisii (chipu) au transista, anakutumia picha ya datashiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, iliyokatwa ukabaki mstari mmoja: kutoka -65 hadi 150. "Soma mwenyewe mkuu, 150. Dar hapa kuna joto gani la kuishinda?" Mstari ule ni joto la kuhifadhia. Ni kifaa kikiwa stoo, hakina umeme, kimelala. Joto la kufanyia kazi liko mstari mwingine, na huo ndio anaoukata. Chukua LM358, aisii ya kukuza mawimbi tuliyoizoea sote. Kuhifadhiwa inavumilia hiyo -65 hadi 150, lakini kufanya kazi ni 0 hadi 70. Ndugu yake LM258 ni -25 hadi 85, na LM158 ni -55 hadi 125. Namba moja tu ya mbele inabadilika, na bei nayo inabadilika. Anayefunga vidhibiti vya vyumba vya barafu vya samaki anaihitaji ile LM258 kwa upande wa chini, sisi wa kwenye mabati kwa upande wa juu.

Nilinunua kwake LM258 kumi. Nikazifuta mgongo kwa pamba yenye asetoni kuona kama zimepakwa rangi upya. Pamba ikatoka nyeusi tii, na mgongo wa aisii ukabaki na mikwaruzo ya msasa. Hapa nisieleweke vibaya, wino wa maandishi unaweza kutoka hata kwenye orijino ya zamani. Cha kutisha ni mwili wenyewe kuchuja rangi.

Kwa IRF3205, transista ya mkondo mkubwa, anakwambia inabeba ampea 110 na nyuzi 175, haihitaji hitisinki (bati la kupoozea) kubwa. Zile 110 ni mgongo wake ukiwa nyuzi 25. Ukifika 100 datashiti hiyohiyo inakushusha hadi 80. Na 175 ni kikomo cha ndani kabisa ya kipande, sio joto la kukaangia chapati. Seli za lithiamu anazitangaza "mpaka nyuzi 60". Kwa nyingi tunazotumia hiyo ni ya kutoa umeme, kuchaji ni 0 hadi 45, na sola inachaji saa ngapi kama sio mchana wa jua?

Kingine nilichokiona siku ya ugomvi: stoo yake iko ghorofa ya juu, maboksi yamepangwa hadi yanagusa bati. Watengenezaji wengi wa kapasita wanataka zikae kati ya nyuzi 5 na 35, pakavu. Hata ya orijino ikikaa pale miaka miwili mitatu inaanza kuvujisha umeme, na siku ya kuwashwa inapata moto kabla ya kazi. Kwa hiyo hata akikuletea mzigo halali, mimi kwake sinunui.

Za kwake nilizoziona mimi zote zina dalili hizi: ngozi haijabana vizuri chini, karibu na miguu, ukiizungusha kwa kidole inacheza. Ya juu imekunjwa nene kuliko kawaida, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona kivuli cha maandishi ya chini. Boksi lina jina la kampuni kubwa ya Kijapani, lakini namba ya mfululizo ukiitafuta kwenye datashiti ya kampuni hiyo haipo.

Nimebaki nazo ishirini na moja. Nyingine nimezichana zote, na kila moja imetoka na nguo mbili. Fundi yeyote anayetaka kuona kwa macho aniandikie inbox nimwelekeze kwenye meza yangu, wembe ninao.