Fundi wa waya wa mafuta, Ngamiani Tanga

Canter yangu ya zamani inabeba machungwa ya Muheza. Pedeli ya mafuta ilikuwa ngumu, na ukiiachia injini inaendelea kunguruma. Hatari tupu! Gereji moja wakataka nibadilishe pampu ya dizeli.

Huyu mzee wa Ngamiani alichomoa kwanza waya unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu, akasukuma mkono wa pampu kwa kidole: mwepesi, unarudi wenyewe. Akavuta waya peke yake: umekwama. Kutu, na chumvi ya bahari yetu mnaijua. Hakuhangaika na grisi. Kaweka waya mpya, kaupitisha mbali na ekzosi, kaacha ulegevu kidogo. Springi ya kurudishia nayo kabadilisha. Bei ya haki, ila foleni jamani! Nendeni asubuhi, na kahawa mjinunulie.