Kitenzi «halve» katika kamusi ya mtandaoni ya Oxford: tathmini ya mtumiaji

Oxford Advanced Learner's Dictionary, kamusi iliyotokana na kazi ya A. S. Hornby alipokuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani, na ambayo Oxford University Press ilianza kuichapisha mwaka 1948, leo inasomwa bure mtandaoni. Nimeipima kwa kitenzi kimoja kidogo, halve, ambacho wanafunzi na hata wafasiri wetu hukipita harakaharaka wakidhani kwamba kinahusu kugawa tu.

Kinachonipendeza zaidi ni mpangilio wa maana. Maana inayotangulia ni kupungua au kupunguza kwa nusu, na kugawa kitu katika sehemu mbili zilizo sawa hufuata. Utaratibu huo unamfaa sana msomaji wa Kiswahili, ambaye akikutana na habari ya hisa anaweza kuandika kwamba thamani yake «imegawanywa nusu», ilhali mwandishi alitaka kusema kuwa nusu ya thamani imepotea. Kamusi inaonyesha pia kwamba katika maana hiyo ya kwanza kitenzi huweza kuwa elekezi au kisiwe elekezi, yaani umbo lilelile hutumika kampuni inapopunguza bei na bei inapopungua yenyewe. Kwa kuwa sisi tuna pungua na punguza, anayefasiri hana budi kutazama kwanza kama sentensi ina shamirisho, ndipo achague. Katika maana ya pili shamirisho ni la lazima: unakata embe, kitunguu au mkate vipande viwili sawa.

Upande wa matamshi umeandaliwa vizuri, kwa sauti ya Uingereza na ya Marekani. Herufi l haisikiki kabisa. Waingereza huvuta irabu, na Wamarekani hulitamka neno hili sawasawa na have, jambo linaloweza kumchanganya anayesikiliza bila kuona maandishi. Umbo halves nalo ni mtego, maana ni kitenzi cha nafsi ya tatu umoja na papo hapo ni wingi wa half.

Kasoro niionayo ni ufupi. Ningependa maelezo mafupi ya kulinganisha, yakisema kwamba share haidai mafungu yawe sawa, wala divide haidai yawe mawili, na kwamba bisect ni neno la jiometri, la kukata pembe au mstari katikati. Mwalimu atalazimika kuyaongeza mwenyewe. (Matangazo yanayozunguka ukurasa nayo yanachosha macho, hasa kwenye simu.)

Kwa mwanafunzi wa sekondari kamusi hii inatosha kabisa. Anayefasiri habari za michezo aifungue pamoja na Merriam-Webster, kamusi ya Kimarekani, ambayo inaeleza matumizi ya gofu: wapinzani wakimaliza shimo au mchezo kwa idadi sawa ya mapigo, husemwa kuwa wame-halve, na kwa Kiswahili tungeandika kwamba wametoka sare.